Mwenye Filimbi Apanda Jukwaani

Katika familia ile, siku ya mashindano ya kimataifa ya raga mtu haulizwi kama amelala vizuri. Anaulizwa jezi yake iko wapi. Baba, mhandisi wa mabomba ya maji ambaye siku nyingine zote hatoki nyumbani bila tai hata kama anakwenda kukagua mtaro, alikuwa amejibana ndani ya jezi ya timu ya nchi yao, timu ya nyumbani, iliyomshika tumboni kama ngozi ya ngoma, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Mama alivaa yake juu ya gauni. Shangazi, dada yake Baba aliyewasili juzi kuwasaidia kufunga mizigo, alipewa jezi ya ziada akaivaa mbele nyuma, na alipoelezwa akasema sawa tu, ataangalia mpira kwa upande wowote.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa mpima macho. Tangu alipoanza kazi hiyo walimwita Darubini, na jina lilimganda hata wageni wakalizoea. Naye alivaa jezi kama wenzake. Lakini Darubini hakuja kuitazama timu. Alikuja kumtazama mwanamume mmoja ambaye hakuwa wa timu yoyote. Mwanamume huyo alikuwa na filimbi.

Familia ile ilikuwa imeishi ugenini miaka mingi kwa ajili ya kazi ya Baba. Sasa mkataba ulikuwa umekwisha, vitu vya sebuleni vilikuwa ndani ya maboksi, na mwisho wa mwezi walikuwa wanarudi nyumbani. Kliniki ilikuwa imemwomba Darubini abaki. Mwenye filimbi naye alikuwa amemwomba abaki. Hakuwa amemjibu yeyote, na wazazi wake hawakujua kama kuna swali.

Alikutana na mwenye filimbi gizani, na msifikirie vibaya. Waamuzi wa mashindano hutakiwa kupimwa macho kabla ya msimu, na kliniki yao ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Mwanamume akakaa kwenye kiti, akaweka kidevu mahali pake, Darubini akazima taa na kumsogezea uso karibu, kama anavyowasogelea watu kutwa nzima bila kuwaza kitu.

"Tazama sikio langu la kulia," alimwambia. Ndivyo wasemavyo wapima macho, ili jicho litulie.

Akatazama. Alipoambiwa atazame la kushoto, akatazama. Taa ilipowashwa, bado alikuwa analitazama.

"Tumemaliza," Darubini alisema.

"Najua. Nahakikisha tu kama yanafanana. La kushoto lina kidoti."

Darubini alijitia kuandika. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba sikio lake lina kidoti, wala mwenyewe hakujua, na jioni ile alisimama mbele ya kioo akijipinda shingo mpaka Mama akamuuliza kama ameumwa na mdudu. Mwanamume aliporudi wiki iliyofuata kwa kisingizio cha jicho linalowasha, Darubini alimkabidhi kwa mwenzake. Kisha akakubali mwaliko wake wa kahawa.

Mwanamume huyo alikuwa mpima ardhi siku za kazi na mwamuzi siku za mapumziko. Alizungumza taratibu, alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lingetosha kumtia mwanamke wasiwasi. Lakini Darubini alikuwa na swali lililomwasha kuliko jicho lolote: ni mtu wa namna gani anayechagua kazi ambayo hakuna anayekupenda? Akamuuliza. Mwanamume akacheka, akasema, "Njoo uone." Wakapatana kwamba akimaliza mchezo wake atapanda jukwaani kuwasalimu wazazi. Hapo hawakuwa wamejua atapangiwa mchezo gani. Walijua jana yake: nusu fainali, timu ya nyumbani dhidi ya wale wa jezi za kijani.

"Sasa niulize," Shangazi alisema mchezo ulipoanza, mdomo umejaa karanga. "Yule wa fulana ya njano anakimbia kuliko wote, mbona hawampi mpira?"

"Yule ni refa, dada," Baba alijibu bila kugeuka.

"Anachezea upande gani?"

"Hachezei upande wowote."

"Maskini mtoto wa watu! Anachoka bure."

Karanga zilimpalia Darubini. Mama akampiga mgongoni, akamtazama usoni, akamtazama tena.

Darubini alikuwa hajawahi kumwona refa huyo juani. Alikuwa mrefu kuliko alivyomdhania, na alikimbia kinyumenyume kwa urahisi, shingo imenyooka, macho hayamtoki mwenye mpira. Wanaume wazima walimjia kama malori, naye akawapisha bila kutoa macho mahali pa kazi. Mmoja akamfokea puani. Yeye akamsikiliza, akatikisa kichwa, akaonyesha mahali pa kusimama, yule bonge la mtu akaenda. Darubini aliona raha isiyo na jina, kama mtu anayefunguliwa chumba kimoja baada ya kingine ndani ya nyumba aliyodhani ameshaijua.

Timu ya nyumbani ikafunga. Mpira ulipita mikono miwili mitatu, kijana mmoja mwepesi akachomoka nao, akaugusisha chini nyuma ya mstari, na jukwaa lote la watu wa nyumbani likasimama. Kabla Baba hajasimama, Darubini alimwona akiziba mdomo na kumtupia mwamuzi jicho la haraka. Mwamuzi aliponyoosha mkono kukubali, Baba akaruka juu akawakumbatia hata asiowajua.

Mchezo ukafika dakika ya mwisho. Wale wa kijani walikuwa wameshafunga mara mbili. Timu ya nyumbani ilihitaji goli moja tu kusawazisha, na kijana yuleyule mwepesi alipata mpira, akakata kona, akajirusha. Wakarundikana juu yake. Jukwaa likalipuka. Baba alikuwa tayari anambusu Shangazi kichwani filimbi ilipolia, na mwamuzi akaonyesha kwa mikono yake kwamba mpira umemponyoka mchezaji kabla ya kugusa nyasi. Hakuna goli. Mchezo umekwisha.

Picha ya marudio kwenye skrini kubwa ilionyesha migongo ya wachezaji tu.

"Kipofu!" Baba alinguruma. "Refa kipofu! Mpelekeni akapimwe macho!"

Waliokuwa nyuma wakaidaka. "Akapimwe macho! Akapimwe macho!" Wakapiga makofi kuisindikiza, na Shangazi, ambaye hakujua kosa ni lipi, akapiga nao kwa sababu mdundo ulimpendeza.

Darubini hakujua kama amesimama mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Alishapimwa! Anasoma mstari wa mwisho kwa macho yote mawili!"

Baba akageuka. Mama akaweka chini mfuko wa karanga.

"Umejuaje?" Mama aliuliza.

"Nilimpima mimi."

"Na siri za wagonjwa zimeanza lini kutangazwa uwanjani?"

"Si mgonjwa wangu tena, Mama. Nilimpa mwenzangu."

"Kwa nini ulimpa mwenzako?"

Darubini alijitia kuokota maganda ya karanga chini ya kiti. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama alimtazama, akashusha pumzi.

"Kwa hiyo ndiye huyo," alisema. "Na mimi nilikuwa najiuliza nani anayekufanya uimbe ukiosha vyombo."

"Ndiye huyo nini?" Baba aliuliza. "Ndiye huyo nani?"

"Mkwe wako, Mungu akipenda. Yule uliyemwita kipofu."

Baba alikaa chini. Alivuta jezi yake tumboni kana kwamba ndiyo inayomnyima hewa.

"Katika wanaume wote wa dunia hii," alisema polepole, "mwanangu, umekwenda kuokota refa?"

"Sikumwokota, Baba. Aliletwa kliniki."

"Na ni wa hapahapa?"

"Wa hapahapa."

"Basi atabaki hapa, na sisi tunaondoka. Limekwisha."

"Amenitaka nibaki, Baba. Na anakuja kuwasalimu."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Baba alitazama nyuma, kwenye safu za watu wa nyumbani waliokuwa bado wanakunja ngumi. "Mwambie asije. Watamla mzima mzima, na mimi sitawazuia."

Simu ya Darubini ikatetemeka kiganjani. Ujumbe ulikuwa mfupi: Bado nije?

Alitaka kuandika usije, akamwonea huruma. Alitaka kuandika njoo, akajionea huruma mwenyewe. Chini ya hayo yote kulikuwa na ile hamu ya kujua iliyomleta uwanjani. Akimwita, hatajua kama angekuja bila kuitwa. Akimzuia, hatajua kabisa, na mwisho wa mwezi atapanda ndege na swali lake. Akaandika: Amua mwenyewe. Akaizima simu, akaikalia.

Fainali ikaanza, wale wa kijani na timu nyingine, mwamuzi mwingine. Darubini hakuona kitu. Kila aliyepanda ngazi akiwa mrefu alimkata pumzi, na kila mara alikuwa muuza soda au baba wa mtu akitoka chooni. Mama alimshika goti. Baba alijitia hamnazo, lakini shingo yake nayo ilikuwa inageukia ngazi mara nyingi kuliko mpira.

"Haji," Baba alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na furaha aliyoitarajia.

"Nani haji?" Shangazi aliuliza. "Maana yule aliyekuwa anakimbia bure yule pale, anapanda."

Alikuwa ameoga, kichwa bado kibichi, goti limechubuka, amevaa shati jeupe lisilomficha kwa mtu. Minong'ono ilipanda naye safu kwa safu. Mtu akamrushia bisi, zikamwangukia begani. Alizipangusa kama vumbi la kazini, akaendelea kupanda. Macho yake yalimtafuta Darubini, yakampata, na yakakaa hapo. Hayakuwa yanatazama sikio safari hii. Darubini, aliyetazama ndani ya macho ya watu wengi kiasi cha kusahau kwamba wenyewe nao humtazama, aliona haya akainamisha uso, kisha akauinua tena kwa sababu hakutaka kukosa hata kidogo.

"Shikamoo, mzee," mwamuzi alisema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Mama aliitika.

Baba alitazama uwanjani.

"Kaka," Shangazi alisema, "mtoto wa watu amekuamkia. Au na wewe unasubiri picha ya marudio?"

"Marahaba," Baba alisema akikaza meno. Kisha akageuka mzimamzima. "Nikuulize jambo moja. Ule mpira wa mwisho uligusa nyasi, haukugusa?"

"Ulimtoka mkononi kabla ya nyasi, mzee. Kidogo sana, lakini ulimtoka."

"Picha haikuonyesha hivyo."

"Picha ilipigwa nyuma yao. Mimi nilikuwa mbele yao."

"Kijana," Baba alisema, na sauti ikalainika ghafla, ile sauti anayoitumia kazini anapotaka mtu akubali jambo mbele ya mashahidi. "Mimi si mtu mgumu. Sema tu ulikosea. Binadamu hukosea. Sema hivyo, nikupe mkono, mambo yaishe hapahapa."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Darubini aliona jinsi ilivyokuwa rahisi kuuingia, neno moja tu, na akajikuta anamwomba kimoyomoyo aliseme, na papo hapo anamwomba asiliseme.

"Ningependa sana yaishe, mzee," mwamuzi alijibu. "Lakini pale sikukosea." Akasita. "Nilikosea kwingine."

"Wapi?"

"Goli lenu la kwanza. Pasi ilikwenda mbele, na sheria hairuhusu. Nilizibwa na mtu, sikuona. Nimeiona kwenye picha baada ya mchezo. Lile halikuwa goli, na wale wa kijani nimewaomba radhi."

Rangi ya haya ilimpanda Baba kutoka kwenye kola ya jezi. Mama alikunja mikono kifuani.

"Mkuki kwa nguruwe," Mama alisema.

"Mke wangu, usianze."

"Sijaanza. Uliiona ile pasi. Nilikuona ukiziba mdomo. Mbona hapo hukumpeleka mtu akapimwe macho?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Hata mtu wa safu ya nyuma, aliyekuwa na bisi nyingine mkononi, aliamua kuzila. Lakini Baba hakucheka. Aliinama, akatazama viatu vyake, na alipoinua uso hakuwa mshabiki tena, alikuwa mzee mwenye koti la safari limeshaning'inizwa mlangoni.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia mwamuzi, na hakujua kwamba amemwita mwanangu. "Sina ugomvi na filimbi yako. Nilikuja nchi hii na huyu amelala begani kwangu, mate yake yananilowanisha shati. Nilimwahidi mama yangu kwamba nitamrudisha. Mama yangu hayupo tena, ahadi ipo. Sasa wewe unataka nishuke kule uwanja wa ndege, nigeuke nyuma, yeye hayupo. Nijibu basi. Akibaki hapa kwa ajili yako, atakuwa na furaha? Hatajuta?"

Uwanjani watu walishangilia kitu. Darubini alisubiri. Alijua wanaume hujibu nini hapo. Alishawahi kuahidiwa mara moja, nyota na mwezi na nyumba yenye bustani, na mwahidi mwenyewe alikuja kuoa mtu mwingine kabla ya mvua kunyesha. Kwa hiyo alijikaza kuisikiliza ahadi, na moyo ukawa mzito hata kabla haijaja.

Mwamuzi alifikiri.

"Sijui, mzee," alisema.

"Hujui?"

"Natamani niseme ndiyo. Lakini hilo bado sijaliona, na mimi sipulizi filimbi kwa kitu ambacho sijakiona. Ninachokijua ni kwamba nampenda. Na siku akisema anataka kurudi kwao, mimi ndiye nitakayembebea sanduku."

Shangazi aliweka mkono kifuani. "Mwanamume anayesema sijui! Kaka, huyu wamemtoa wapi? Mimi marehemu wangu alijua kila kitu mpaka anakufa."

Darubini alihisi machozi, na hayakuwa ya huzuni. Mwezi mzima alikuwa anajiuliza mtu huyu ni nani, na sasa alikuwa amemwona mzima, mbele ya baba yake na mbele ya watu waliomrushia bisi, akikataa uongo mdogo wa kujiokoa na ule mkubwa wa kujipendekeza. Alimpenda. Alimpenda pamoja na goti lake lililochubuka na ukaidi wake, na alitaka kujua asubuhi anaamka na uso gani, na akikasirika anasema nini, na uzeeni atakuwa anatafuta wapi miwani yake.

"Baba," aliita.

Baba hakugeuka.

"Baba, yeye hajui. Na mimi sijui. Nataka kubaki, nijue."

Mama alimshika mkono akaubana kwa nguvu. Darubini alielewa kwamba Mama alikuwa amelia machozi yake mapema, pengine tangu zile nyimbo za kuosha vyombo. Shangazi alisogea kiti kimoja, na mwamuzi, kwa kuwa watu wa nyuma walikuwa wanalalamika kwamba anawaziba, akakaa kwenye nafasi iliyobaki, kati ya Shangazi na Baba.

Baba alikuwa anatazama uwanjani, shingo ngumu, mikono magotini. Filimbi ikalia huko chini.

"Hapo amepuliza nini?" Baba aliuliza.

Mwamuzi alimtazama kidogo kabla ya kujibu. "Mapumziko, mzee."

"Mapumziko?"

"Ndiyo, mzee. Nusu ya kwanza imekwisha."

"Halafu?"

"Halafu watabadilishana pande, waendelee."

"Nieleze vizuri," Baba alisema.

Basi mwamuzi akainama karibu na sikio lake akamweleza mapumziko ni nini, taratibu, hatua kwa hatua, kama anayemweleza mtu ambaye hajapata kuona mpira maishani. Na Baba, aliyeifuata raga tangu kabla ya huyo kijana kuzaliwa, alitikisa kichwa kwa kila neno huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye jezi, na hakuna hata mmoja katika familia ile aliyemwambia ayafute.